Tuzo ya ufundishaji bora: wastani wa 4.8 hautoshi

Umeuliza kwa nini jalada la kuombea tuzo (mkusanyiko wa ushahidi wa jinsi unavyofundisha) lenye wastani wa 4.8 kati ya 5 kwenye madodoso ya wanafunzi limekataliwa. Kamati huanza kwa kutazama waliojibu ni wangapi. Darasa la watu 120 wakijibu 15, wastani huo hausemi lolote kuhusu wale 105 waliokaa kimya. Isitoshe, dodoso huonyesha zaidi jinsi somo lilivyopendwa kuliko kilichojifunzwa.

Kinacholibeba jalada ni badiliko moja lililofuatiliwa vizuri. Taja tatizo (tuseme wengi walikuwa wakikwama kwenye swali la uchambuzi wa data), ulichobadilisha, na matokeo ya kabla na baada, kwa mihula isiyopungua miwili. Ugumu wa mtihani ubaki uleule. Ukiulegeza, alama zitapanda zenyewe, na msomaji mzoefu huligundua hilo haraka. Ambatisha kazi mbili tatu za wanafunzi, kwa ridhaa yao na majina yakiwa yamefutwa: rasimu ya kwanza, ya mwisho, na maoni uliyoandika pembeni. Hapo ndipo ufundishaji unapoonekana kwa macho.

Mwombe mwenzako ahudhurie kipindi aandike alichokiona, si sifa. Barua za "ni mchapakazi, anapendwa na wote" hazisaidii, hata akiziandika mkuu wa kitivo.

Falsafa ya ufundishaji, yaani maelezo ya unachoamini kuhusu kufundisha? Ukurasa mmoja, basi. Na kama kuna mhadhiri mwingine aliyeichukua mbinu yako kwenye somo lake, anza jalada na hilo.