Nililinda Juu, Mwizi Akaja kwa Mfongo

Wiki iliyopita dada mmoja wa Njombe aliniandikia akitaka nimtajie sumu ya kummaliza fisi maji anayekula perege wake katika bwawa la nyuma ya nyumba. Nilimjibu kwa ufupi kwamba sumu asiiguse, lakini usiku sikupata usingizi, kwa sababu swali lile nililiuliza mimi mwenyewe mwaka 2022, na kilichonizuia wakati ule hakikuwa busara yangu bali mama mkwe wangu.

Bwawa langu liko katika kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, upande wa Machame mkoani Kilimanjaro, pembeni ya migomba, na linapata maji kutoka kwenye mfongo, yaani mfereji wa asili ambao wazee wa Kichagga waliuchimba tangu mtoni ili kila ukoo upate maji kwa zamu. Nililichimba mwaka 2021, mita 10 kwa 15, nikapandikiza vifaranga 450 vya perege, na sitaficha kwamba nilijivuna: kila mgeni aliyekuja nyumbani alipelekwa kuliona bwawa kabla ya kukaribishwa chai.

Tangu mwanzo niliambiwa kuwa adui wa samaki ni ndege, nami nikaamini kwa sababu ndege nilikuwa nawaona kwa macho. Mdiria alikuwa akielea hewani juu ya bwawa kana kwamba amening'inizwa kwa uzi, kisha anajirusha majini na kuibuka na kifaranga, na korongo alisimama ukingoni asubuhi kama mzee anayengoja kikao. Nikanunua nyavu kuukuu za dagaa, nikafunika bwawa lote, nikalala.

Siku ya kuvua niliwaalika majirani, na wengine nilikuwa nimekwisha kuwaahidi kilo mbilimbili. Tulivuta kokoro, wavu wa kukokota, mara tatu, na hesabu ikakomea samaki 71. Jirani mmoja, ambaye mpaka leo sijamsamehe sawasawa, aliniuliza mbele ya watu kama nilipandikiza vifaranga au nilipandikiza risiti yao.

Mama mkwe hakucheka. Alizunguka bwawa polepole, akafika pale bomba la kutolea maji linapomwaga kwenye mtaro wa kurudi mtoni, akainama na kuniita. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za vidole vitano zilizofanana na kiganja cha mtoto, na kando yake kinyesi kilichojaa vipande vyekundu vya magamba ya kaa. "Baba, huyu hakuruka ukuta," akaniambia. "Amepanda na maji, anafuata kaa, na samaki wako amewakuta njiani." Nilipotamka neno sumu aliniuliza swali moja tu: maji yakitoka hapa, ng'ombe wa nani wanakunywa?

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nimelinda mbingu ya bwawa huku milango yake miwili, mahali maji yanapoingia na mahali yanapotokea, ikiwa wazi usiku na mchana. Kaa walikuwa wametoboa tuta mashimo ambayo mkono wangu uliingia mpaka kiwiko, na kila shimo lilivujisha maji huku likimwita mgeni wa usiku, kwa kuwa fisi maji mwenye nyayo kama hizi hupenda kaa kuliko chakula kingine chochote.

Nilichofanya baadaye si kikubwa. Niliziba mashimo kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, nikafyeka nyasi kwenye tuta ili shimo jipya lionekane siku hiyohiyo, na nikaweka mitego ya vikapu vya kunasia kaa. Nilizungusha wavu wa chuma kuanzia kwenye mtaro, nikaufukia sentimita 30 na kuukunja kuelekea nje, ili anayechimba akutane nao tena. Kingo nilizichimba ziwe wima na zenye kina, kwa sababu korongo huvua akiwa amesimama, na asipopata pa kusimama huenda kwa mwingine.

Mabomba yote mawili niliyawekea vyuma vya kuchuja, na hapo nilipata aibu ya pili. Usiku mmoja wa masika majani ya migomba yaliziba chujio la kutolea maji, bwawa likafurika juu ya tuta, na asubuhi nikaokota perege kwenye shamba la kahawa la jirani yuleyule. Kwa hiyo ndugu msomaji, chujio lisilosafishwa kila jioni ni hatari kuliko fisi maji mwenyewe, na unayesema huna muda wa kulisafisha basi huna muda wa kufuga samaki. Nasema kwa ukali kwa sababu najua wengi wenu mnataka picha ya mavuno na hamtaki kushika tope la mtaro.

Kuhusu kuua, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 hairuhusu kumwinda mnyama huyu bila kibali, na afisa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kumwendea mambo yakizidi. Hata bila sheria, ukimwua mmoja na kuacha kaa kwenye tuta, mwingine atapanda kwa mtaro uleule.

Mavuno ya mwisho yalikuwa samaki 318. Fisi maji bado anapita, kwani nyayo zake naziona upande wa nje wa wavu kila baada ya siku chache. Dada wa Njombe nimemwomba anipigie picha ya mahali maji yanapotoka bwawani kwake, maana hadi sasa amenitumia picha za samaki tu.