Meli Ikifunga Gati Asubuhi, Mji Uonwe Vipi?

Katika safu ya maswali na majibu toleo hili tumechagua barua tatu zinazohusu safari za meli za kitalii na miji mikongwe ya bandari.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tumelipia safari ya meli ya siku 10 katika Bahari ya Mediterania, na ratiba tuliyopewa inataja Roma, Florence, Naples, Valletta, Kotor na Dubrovnik. Kila mahali meli itafika asubuhi na kuondoka jioni. Hatuna haja na mabwawa ya kuogelea wala michezo ya sitahani; tunakwenda kwa ajili ya miji yenyewe. Je, muda huo unatosha, na je, tununue ziara zinazouzwa melini au tushuke wenyewe?

JIBU: Ndugu Msomaji, ratiba yenu ina majina mawili ambayo si ya bandari. Meli inayotangaza kwamba inakwenda Roma hufunga Civitavecchia, bandari iliyojengwa kwa amri ya mfalme Trajan katika karne ya 2, na kutoka hapo hadi Roma ni takriban kilomita 70. Inayotangaza Florence hufunga Livorno, na mbele yenu kuna kama kilomita 90 za barabara. Watangazaji wa safari hawasemi uongo, kwa kuwa jina la bandari halisi huwa limeandikwa pembeni kwa herufi ndogo, lakini msomaji asiyeijua ramani hudhani atashuka ngazi na kujikuta mbele ya kanisa kuu.

Chukueni mfano wa siku ya Livorno. Tuseme meli imefunga gati saa 1 asubuhi na itaondoka saa 12 jioni, yaani ratiba inawaonyesha muda wa saa 11. Toeni kwanza dakika 45 za kusubiri maofisa wa bandari watoe ruhusa na foleni ya ngazini ipungue. Toeni nusu saa ya mwisho, kwa kuwa abiria hutakiwa kuwa melini angalau dakika 30 kabla ya nanga kung'olewa. Livorno ni bandari ya mizigo na hairuhusiwi kutembea kwa miguu katikati ya makontena, kwa hiyo kuna basi la kuwatoa hadi mjini, ambalo pamoja na kulisubiri litakula saa nzima kwa kwenda na kurudi. Ongezeni mwendo wa saa moja na nusu hadi Florence, na mwingine kama huo wa kurudi, kisha wekeni akiba ya saa moja kwa ajili ya msongamano wa magari. Mkimaliza kutoa, mikononi mwenu hazibaki hata saa 5 kamili. Muda huo unatosha kuingia jumba la sanaa la Uffizi, au kupanda kwenye kuba la kanisa kuu ambalo Brunelleschi alilikamilisha mwaka 1436, lakini hautoshi kufanya yote mawili bila kukimbia. Na kama siku yenyewe ni Jumatatu, Uffizi hufungwa.

Ningekuwa ninyi, ningeiacha Florence kwa safari nyingine ya kulala hukohuko. Kutoka Livorno hadi Pisa ni kilomita 20 na kitu tu. Mnara ulioinama mtauona asubuhi, na mchana mtarudi Livorno yenyewe, ambako kuna Ngome Kongwe ukingoni mwa maji na mtaa wa mifereji unaoitwa Venezia Nuova. Najua ni vigumu kuwaeleza jamaa mliowaacha nyumbani kwamba mlifika karibu na Florence na hamkuiona, ila mtakuwa mmeuona mji badala ya dirisha la basi. Roma ni shauri tofauti, kwa sababu treni kutoka Civitavecchia ni ya haraka kuliko basi; lakini hata huko chagueni upande mmoja wa mji, ama Koloseo na magofu yaliyo jirani nayo, ama Vatikani, na mkienda Vatikani mabega na magoti yawe yamefunikwa, la sivyo mtarudishwa mlangoni pa Basilika ya Mtakatifu Petro.

Kuhusu ziara za melini, kipimo changu ni umbali peke yake. Mji ukiwa ng'ambo ya lango la bandari, shukeni wenyewe, kwa sababu watu 40 wanaomfuata mwongozaji mmoja aliyeinua kibendera hutumia nusu ya asubuhi kusubiriana chooni. Mji ukiwa mbali, nunueni ziara ya meli hata kama ni ghali, kwani basi la ziara hiyo likikwama barabarani meli husubiri, au kampuni hubeba jukumu la kuwafikisha bandari inayofuata. Mtu aliyekwenda kivyake hasubiriwi.

Naples haina shida hiyo. Meli hufunga mbele kabisa ya Castel Nuovo, kasri ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1279, na mji mkongwe unafikika kwa miguu. Wengi huvuka mji huu mbio kwenda Pompeii, uliofunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79, na siwalaumu. Ila vitu vizuri zaidi vilivyochimbuliwa huko, zikiwamo michoro ya mawe madogomadogo, vimo katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Akiolojia hapohapo Naples. Jumba hilo hufungwa Jumanne.

Sasa nifike Valletta, mji mkuu wa Malta, na mnisamehe nikikaa hapa kidogo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya mashujaa wa Mtakatifu Yohana, chama cha kidini cha wapiganaji wa Kikristo, kuhimili kuzingirwa na majeshi ya Waosmani, na ulijengwa ukijua kwamba mgeni, awe rafiki au adui, atatokea baharini. Kwa hiyo msiwe kitandani meli inapoingia. Ulizeni jioni iliyotangulia saa ya kupita mdomo wa bandari, mpande sitaha ya juu nusu saa kabla, msimame upande wa kulia unapoelekea mbele, kwani Valletta ndiko iliko, na miji mitatu mikongwe zaidi iko kushoto. Kuta huanza kama ukanda wa kijivu, halafu jua likizigusa hugeuka rangi ya asali kuanzia juu kushuka chini, na meli inapita karibu kiasi cha kuwaona watu waliojitokeza barazani mwao. Hakuna ziara yoyote inayouza mandhari hayo. Mkishashuka, ingieni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, lililojengwa katika miaka ya 1570, kuona mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608 unaoonyesha kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Ndio mchoro pekee aliotia saini yake, na saini hiyo imeandikwa ndani ya damu inayomwagika chini.

Kotor nako sitaha ni muhimu kuliko gati. Ghuba yake huingia ndani kabisa ya milima, na katika mlangobahari wa Verige meli hupenya mahali penye upana wa mita 300 na kitu tu. Mji mkongwe wenyewe ni mdogo, na mwendo wa taratibu wa muda wa saa 2 unautosha pamoja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Tryphon lililowekwa wakfu mwaka 1166. Anayetaka kupanda hadi ngome ya juu atakanyaga takriban ngazi 1,350, na azikanyage mapema kabla jua halijawa kali.

Dubrovnik meli hufunga Gruž, kilomita 3 hivi kutoka lango la mji mkongwe. Umati wa abiria wote huelekea kwenye kuta saa ileile, na njia ya juu ya kuta, yenye urefu wa karibu mita 1,940, huzungukwa kwa mwelekeo mmoja tu, kwa hiyo mtu mmoja anayejipiga picha huwazuia wote walio nyuma yake. Ama muwe wa kwanza mlangoni, ama mngoje alasiri wengine wanapoanza kurudi melini. Mkiwa juu, tazameni mapaa: vigae vilivyopauka na kuwa na madoa ni vya zamani, na vile vyekundu vya kung'aa viliwekwa baada ya mji kupigwa mabomu katika vita vya mwaka 1991 na 1992. Mtashangaa jinsi vyekundu vilivyo vingi.

SWALI: Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 74 na magoti yanamsumbua, lakini hamu yake ya kusafiri ni kubwa kuliko yangu. Je, miji hii ya kale inamfaa?

JIBU: Mfikishie mama shikamoo yangu. Kabla ya kulipa, iulizeni kampuni kama meli itafunga gati au itatia nanga mbali na kushusha watu kwa mashua katika kila bandari iliyotajwa. Mashua hupanda na kushuka na mawimbi huku abiria akivuka pengo kwa hatua moja, na bahari ikichafuka wenye viti vya magurudumu huweza kuambiwa wabaki melini. Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ni hivyo, na baada ya mashua bado kuna jabali, ambalo hupandwa kwa gari la kamba au kwa ngazi zaidi ya 500. Valletta inapendeza kwa wazee kwa sababu ya lifti ya Barrakka, inayopandisha watu kimo cha mita 58 kutoka upande wa bandarini hadi kwenye bustani iliyo juu ya ukuta, ingawa mitaa ya kando huko juu ina miteremko. Dubrovnik aache kuta na atembee Stradun, barabara kuu ambayo ni tambarare. Mawe yake yamelainishwa na nyayo hata yanang'aa kama yametiwa maji, na mvua ikinyesha huteleza kwelikweli, kwa hiyo viatu vyake viwe vyenye soli ya mpira.

SWALI: Nimesikia habari za watu walioachwa na meli. Nijilinde vipi?

JIBU: Fuata saa ya meli, usifuate ya simu. Niliwahi kushuka Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, kutoka meli iliyokuwa bado ikifuata saa ya Italia. Simu yangu ikasogea saa moja mbele yenyewe, nami nikaikatisha Barabara ya Mashujaa katikati na kurudi mbio, nikakuta ngazi ni tupu na baharia ananishangaa. Kosa langu lilinipotezea saa moja tu, lakini tofauti hiyo ingekuwa upande wa pili ningeiona meli kwa mgongo. Beba pasipoti, au nakala yake kama meli hubaki nayo, pamoja na namba ya wakala wa meli wa bandari hiyo, ambayo kwa kawaida huchapishwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku. Ukiachwa, huyo ndiye wa kumpigia kwanza.

Na kama unahitaji viza ya Schengen, yaani ya eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani baina yao, omba ya kuingia mara nyingi. Meli inayotoka Italia kwenda Kotor, nchini Montenegro, imetoka nje ya eneo hilo, na ikifunga Dubrovnik kesho yake imeingia upya, kwa kuwa Kroatia imekuwa ndani ya Schengen tangu Januari 2023.