Gari la kulala watu wanne, nyumba yenye watu sita

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 51, naishi Tabata na mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi. Nimepata bahati ya kuuziwa Volkswagen Syncro ya mwaka 1987, gari la petroli la kuvuta magurudumu yote manne, lenye jiko, friji na paa linaloinuka kuwa chumba cha kulala. Mwenyewe ni Mjerumani aliyelileta kwa meli, na sasa anarudi kwao. Nataka tupangishe nyumba, tuishi ndani ya gari mwaka mzima tukizunguka nchi yetu, kama wafanyavyo wenzetu Ulaya. Fedha ninazo, zilikuwa zimekaa tu benki baada ya kuuza kiwanja cha Chanika, na nimeshatoa arubuni ya shilingi milioni 6. Mke wangu, ambaye kwenye kiwanja hicho alichangia kidogo, hana moyo wa safari. Nilipomwonyesha picha za gari aliniuliza choo kiko wapi. Wiki tatu zilizopita aliona ujumbe wa benki kwenye simu yangu, akaenda kwao Bagamoyo, na huko mama yake anamtia maneno. Nifanyeje ili aielewe ndoto yangu?*
*Msafiri, Tabata*

Marahaba, Msafiri. Nakupa pole kwa nyumba iliyonyamaza wiki tatu, na pole yenyewe inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikajikuta nimeketi Bagamoyo, upande wa mkeo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa umeniandikia kama mtu mwenye hesabu. Gari la namna hiyo lina kitanda kimoja chini, kinachokunjuliwa kutoka kiti cha nyuma, na kingine juu, chini ya hilo paa linaloinuka. Kila kimoja ni cha watu wawili, tena wawili waliopatana. Jumla ni watu wanne, na kwenu mko sita. Je, mama yako mzazi, pamoja na magoti yake, ndiye atakayepanda darini usiku, au ni watoto watakaoachwa kwa shangazi yao, na shule wataisomea wapi mwaka huo mzima? Hukuandika hata mstari mmoja kuhusu shule. Mimi naamini hesabu hiyo ulishaifanya zamani, ukaona kwamba safari ni ya mtu mmoja, ukatia "tu" kwa ajili ya adabu.

Na hiyo "tu" ndiyo iliyokufichua. Rudia barua yako uone: kwenye ndoto umeandika tupangishe, tuishi, tukizunguka, ulipofika kwenye fedha ukaandika ninazo, nimeshatoa. Ndoto ni ya wote, pochi ni ya mmoja. Halafu mwanamke aliyeuzoea mwandiko huo kwa miaka mingi anapoondoka, unasema hana moyo wa safari, wakati ukweli ni kwamba safari ameshaianza, umemzidi kwa gari tu.

Neno jingine lililonikwama kooni ni "kidogo". Alichangia kidogo ni kiasi gani? Mtu anayekumbuka mwaka ambao gari la mgeni liliundwa hashindwi kukumbuka mke wake alitoa shilingi ngapi kwenye kiwanja. Nimesoma barua nyingi za wanaume wa mji huu, na "kidogo" ya mke mara nyingi hugeuka kuwa nusu, au kuwa ile michango ya upatu iliyolipia mpimaji na dalali huku mume akilipia sahihi yake. Wala fedha hazikai "tu" benki. Fedha za kiwanja kilichouzwa na watu wazima wenye watoto watatu huwa zinangoja kitu, na mkeo alikijua kitu hicho; ndiyo maana ujumbe ule wa benki ulimtoa nyumbani.

Swali lake la choo umelileta kwangu kama ushahidi wa ufinyu wa akili, nami naona ndilo swali la busara kuliko yote yaliyomo katika barua hii. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Yeye alifungua, akaingia, akatafuta mahali ambapo mama mkwe wake atakwenda saa tisa za usiku, gari likiwa limeegeshwa pembeni mwa kijiji asichokijua, huku mjumbe wa mtaa akimulika tochi dirishani kuuliza ninyi ni akina nani. Mtu asiyetaka kabisa kusafiri hasumbuki kuuliza choo. Aliyeuliza ameshajiona ndani, na kama ungemjibu vizuri siku ile, huenda leo angekuwa anakushonea mapazia ya madirisha.

Kuhusu gari lenyewe nitasema kwa kuwa nina haki ya kusema: marehemu mume wangu alikuwa na Land Rover 109, na pale Chalinze niliisukuma nikiwa na mimba ya miezi sita. Hilo lako ni gari zuri, sikatai. Liliunganishwa Graz, nchini Austria, na watu wa magari hulisifu kwa kupita mahali pabaya. Lakini injini yake iko nyuma na rejeta iko mbele, mabomba ya maji yanapita chini ya gari zima, na vichwa vya silinda ni vya aluminiamu visivyopenda maji matupu ya bomba. Fundi wako wa chini ya mwembe, ambaye amezoea kujaza rejeta kwa ndoo, atakuharibia injini kwa nia njema kabisa, na spea zake hutazikuta dukani Ilala.

Hujanieleza kama lina namba za nchini au bado lina za kwao. Kama ni za kwao, basi limeingia kwa muda tu, na siku linapobaki hapa TRA watalihesabu kama gari lililoagizwa: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18 juu yake, na ushuru wa uchakavu kwa sababu miaka 10 lilishaipita zamani. Wala hawatatumia bei mliyopatana ninyi wawili barazani. Arubuni umeitoa kabla ya kuuliza hayo, na kwa siri; mficha maradhi, kifo humuumbua.

Isitoshe, gari la Kijerumani huwa na usukani kushoto, nasi tunaendesha kushoto. Siku utakapokuwa nyuma ya lori la saruji mlima Kitonga, hutaona kitu mbele. Atakayeona ni aliyeketi kiti cha kulia, naye ndiye atakayekuambia pita au ngoja. Huyo unayesema hana moyo wa safari ndiye atakayekuwa macho yako, na wewe umeanza kwa kumfumba.

Na hiyo nyumba ya Tabata usiipangishe kwa kichwa chako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa mmoja kuuza, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lako peke yako.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa mmoja ambao zamani hatukuujua. Mume analala ubavuni mwa mkewe akiwa na simu mkononi, anatazama vijana wa Ulaya wasio na watoto wala wazazi wa kutunza wakinywa kahawa mlangoni mwa gari, na asubuhi anaamka amekwisha kuamua. Mke anapewa taarifa kama abiria anavyotangaziwa kituo. Zamani wanaume walikuwa na makosa yao, tena makubwa, lakini mtu hakuuza hata mbuzi bila kunong'ona kwanza chumbani.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie Mjerumani leo, umwambie ukweli wote, umwombe arubuni yako kabla hajapanda ndege. Akikurudishia nusu, shukuru. Tamaa ya kusafiri usiizike, si dhambi: wakati wa likizo kodisheni Land Cruiser yenye hema juu ya paa kwa siku nne, mwende Lushoto, na njia aichague yeye. Lakini kwanza Jumamosi hii panda basi uende Bagamoyo, ukiwa na sukari kilo tano na doti moja ya kitenge kwa mama mkwe, ambaye sioni alilokosa zaidi ya kumfungulia mwanawe mlango. Ukifika usitaje gari. Taja ile "kidogo" kwa tarakimu zake, mbele ya mama yake, kisha unyamaze. Ukikaribishwa chai, kunywa; usipokaribishwa, kaa hapo hapo barazani mpaka mkeo atoke.

Shangazi