Pesa ya wimbo imfikie mwenyewe: kwa anayeanza kazi ya kuoanisha mirabaha

Kuoanisha mirabaha ni kulinganisha ripoti za usikilizaji na wenye wimbo, ili kila mmoja alipwe chake. Tenganisha kwanza rekodi na utunzi. Rekodi ni sauti iliyotoka studio, na kitambulisho chake ni ISRC. Utunzi ni maneno na tuni, na kitambulisho chake ni ISWC. "Malaika" aliyoirekodi Fadhili William ilirudiwa na Miriam Makeba na Boney M: ISRC mbalimbali, utunzi ule ule. Kisha Nyashinski naye ana "Malaika" yake, isiyohusiana na ile hata kidogo. Programu inayotazama jina la wimbo peke yake itampa huyu pesa za yule.

Majukwaa ya kusikiliza muziki huripoti ISRC. ISWC mara nyingi haimo. Kwa hiyo tundu kubwa liko kwenye daraja la kutoka rekodi kwenda utunzi. Februari 2021, majukwaa ya Marekani yaliikabidhi MLC, taasisi ya huko inayokusanya na kugawa mirabaha ya watunzi, takriban dola milioni 424 za watunzi, pesa zilizokuwa zimekaa bila kuoanishwa.

ISRC ina alama 12: mbili za mwanzo, tatu za msajili, mbili za mwaka, tano za mfuatano. Vistari si sehemu yake. Vitoe kabla ya kuhifadhi. Usizisome herufi mbili za kwanza kama uraia: msanii wa Mwanza aliyesambaziwa na kampuni ya Marekani anaweza kuwa na QZ, na hilo si kosa. Mwaka nao ni wa kutolewa kwa msimbo, si wa utunzi. Alama saba za mwisho lazima ziwe tarakimu, hivyo herufi O iliyojipenyeza humo utainasa. Ikiwa kwenye zile za msajili, inapita kimya, maana ISRC haina tarakimu ya ukaguzi, yaani ile ya mwisho inayokokotolewa kutokana na nyingine ili kunasa makosa.

ISWC inayo. Chukua T-034.524.680-1: zidisha kila tarakimu kati ya zile tisa kwa nafasi yake, jumlisha, ongeza 1. Unapata 179, na inayokosekana kufika kumi kamili inayofuata, 180, ni 1, ile ya mwisho. Kagua hivyo kila faili linapoingia.

Namba ya mtunzi, IPI, ina tarakimu 11 na nyingi huanza na 00. Ukifungua faili kwa Excel bila kuitaja safu hiyo kuwa maandishi, sifuri zinapukutika na mtunzi hapatikani tena. Kosa hili ni la kijinga, na linajirudia kila mahali.

Kabla ya kuoanisha, kusanya mistari ya ripoti yenye ISRC, jina na msanii sawa iwe kundi moja, kisha panga makundi kwa kiasi cha pesa, si kwa wingi wa mistari. Oanisha kwa ISRC kwanza. Ikishindikana, linganisha jina la wimbo pamoja na la mtunzi au msanii, na urefu wa wimbo usipishane zaidi ya sekunde chache.

Kusafisha majina ya Kiswahili kuna mitego yake. Alama ya ng' huja kwa sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda. Zifanye moja, lakini usiifute, kwa sababu ng'oa na ngoa ni maneno mawili. "Na kupenda" na "Nakupenda" zilinganishe pia bila nafasi. "Ft", "feat" na "akimshirikisha" toa kwenye jina, uwapeleke wasanii kwenye safu yao. "Remix" iache, kwani huenda imeongeza mtunzi na kubadili mgao.

Alama ya ufanano, yaani kipimo cha 0 hadi 1 cha jinsi majina yanavyofanana, ikiwa 0.95 na zaidi, na mtunzi amelingana, pitisha. Kati ya 0.80 na 0.95 mpe mtu aitazame. Hizo ni namba za kuanzia tu, zipime kwa data yako. Ukisita, acha wazi. Pesa iliyosubiri bado ipo, lakini iliyolipwa kwa mtu asiyehusika utaidai kwa barua miezi mingi.

Migao ya watunzi wa wimbo mmoja ikizidi asilimia 100, zuia sehemu inayogombewa tu, wengine walipwe. Watunzi watatu wa 33.33 hufanya 99.99, kwa hiyo amua mapema ile 0.01 inakwenda kwa nani. Malipo ya usikilizaji mmoja ni madogo mno: beba desimali zote hadi jumla ya mtunzi, ukadirie hapo.

Makundi ambayo hayakuoanishwa yapitishe upya kila usajili mpya unapoingia, na kila uamuzi uandikwe: kanuni ipi, tarehe gani, nani aliidhinisha.