Shangazi, mwanangu hataki kuvaa suruali ndefu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi niko Ujiji, nina mtoto wa kiume miaka 13, kamaliza la saba na kafaulu, Januari anaanza fomu wani. Shida yake hataki kukua, sijui hata niseme vipi. Juzi nimempeleka kwa fundi pale Mwanga apimwe suruali za shule, akakunja magoti makusudi ili kipimo kisikae, anang'ang'ania kaptula za praimari ambazo zimeshapauka mpaka makalioni. Sauti imeanza kukwaruza basi siku hizi ananong'ona tu, hata shikamoo kwa wazee ananong'ona wanamuona hana adabu. Kutwa yuko na watoto wa darasa la pili wanakokota gari la dumu la mawese lenye matairi ya kandambili. Mjomba wake ana mtumbwi Kibirizi, humtania kwamba siku ukivaa suruali ndefu usiku huohuo tunaenda wote kuvua dagaa, lakini hata utani siku hizi hacheki. Nimchape au nimpeleke hospitali? Mama wa Ujiji.

JIBU: Marahaba mama. Usichape, na hospitali ya nini, ugonjwa sijauona. Hebu rudi usome barua yako pale ulipomtaja mjomba, wewe umepita mbio mimi ndo nimesimama hapohapo. Kwenu huo utani, kwa mtoto hiyo ni ratiba. Anawaona wavuvi wanavyotoka na taa zao giza likiingia wanarudi alfajiri wamelowa, na ziwa likichafuka anasikia nyumba gani wanalia, Tanganyika si bwawa mama, lina kina cha kama mita 1,470. Kapiga hesabu zake, suruali ndefu maana yake mtumbwi, basi dawa ni kaptula. Hata mi ningekunja magoti.

Mjomba amwambie mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba ulikuwa mzaha. Na kama haukuwa mzaha (ndugu zetu nawajua) mkumbushe Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto mpaka afike miaka 18, na kazi za hatari amekatazwa.

Sauti ipo kwenye muda wake. Mwili wa mvulana unaanza kubadilika popote kati ya miaka 9 na 14, koo linakua, zile nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa ndo maana inakwaruza halafu ghafla inapanda juu kama ya jogoo mchanga, itatulia yenyewe. Ayasikie haya kwa baba yake au mwanaume anayemuamini, tena amsimulie na yeye alivyochekwa enzi zake. Sio mjomba, kwa sasa apumzike.

Halafu kuna jambo hukuuliza, fomu wani masomo yanageuka Kiingereza, na huyu miaka saba kasoma Kiswahili. Kwenye gari la dumu yeye ndo dereva, kule sekondari anaenda kuwa mdogo wa wote. Muulize, ila muulize mkiwa mnachambua dagaa au mchele, mikono ikiwa na kazi watoto wa umri huo wanaongea.

Gari muachie. Kwa fundi rudini wawili tu asubuhi kabla wateja hawajajaa, na mwambie aache pindo nene chini, maana huyo kufika Juni suruali atakuwa kashaipita.