Sanduku la maoni, mfumo mpya, fomu fupi: kipi ni ubunifu?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nipo idara ya mipango katika taasisi inayotoa huduma kwa umma. Mwaka huu kila idara imetakiwa kuripoti "ubunifu" wake. Sisi tuna mambo matatu: sanduku la maoni lililojaa mapendekezo mazuri ya wafanyakazi, mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu tulionunua kwa muuzaji, na fomu ya maombi tuliyoipunguza kutoka kurasa 6 hadi 2. Mkuu wangu anataka tutangulize mfumo kwa sababu ndio uliokula fedha. Fomu anaona haya hata kuitaja. Mwenzangu naye anasema hakuna hata kimoja kinachostahili, maana hatukuvumbua kitu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, ningekuwa mimi ningeanza na fomu. Ila kwanza tumalizane na mwenzako, kwa sababu kosa lake ni la wengi na kwa sehemu lugha yenyewe inachangia. Kuvumbua ni kupata kitu ambacho hakikujulikana. Kubuni ni kuunda jambo kwa akili. Ubunifu tumeutwika mizigo miwili: kipaji cha kupata wazo, na kazi ya kulitoa wazo kichwani hadi watu walitumie. Ripoti yako inauliza huo mzigo wa pili.

Joseph Schumpeter, mchumi wa Austria, alizitenganisha kazi hizo mbili mapema katika karne ya 20. Kwake uvumbuzi usiotiwa katika matumizi hauna uzito wowote kiuchumi. Alitaja sura tano za jambo jipya: bidhaa, njia ya uzalishaji, soko, chanzo cha malighafi na mpangilio wa sekta. Tazama kwamba bidhaa ni moja tu kati ya tano.

Ukitaka kipimo cha kumwonyesha mkuu wako, upo Mwongozo wa Oslo, kitabu cha kupimia ubunifu cha OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) na Eurostat (ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya), unaotumiwa na ofisi za takwimu. Toleo la kwanza lilitoka 1992 na la nne 2018. Unadai mambo mawili. Bidhaa au mchakato uwe tofauti kwa kiasi kikubwa na ule mliokuwa nao, na uwe umewafikia watumiaji au umeanza kutumika ndani ya taasisi. Hausemi lazima muwe wa kwanza duniani. Kuiga kwa mwingine kunahesabika, mradi kwenu ni badiliko la kweli. Kubadilisha mashine kuukuu kwa nyingine ya aina ileile hakuhesabiki.

Kwa hiyo mfumo haufi wala haupiti kwa sababu ulinunuliwa. Swali ni moja: madaftari ya zamani yako wapi? Mara nyingi nimekuta watu wanaingiza taarifa kwenye kompyuta, wanazichapa, kisha wanazipanga kwenye majalada kama zamani. Hapo kazi imeongezeka na umeme umelipiwa. Kama na kwenu ni hivyo, huo bado ni ununuzi.

Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori, Aprili 1956 alisafirisha makontena 58 kwa meli kutoka Newark hadi Houston, Marekani. Makasha ya chuma ya kubebea mizigo yalikuwepo kabla yake. Alichofanya yeye ni kuoanisha meli, winchi, lori na kasha, ili mzigo usifunguliwe njiani. Kupakia mizigo kwa mikono wakati ule kuligharimu karibu dola 6 kwa tani; kwa hesabu za wataalamu wake, safari ile iligharimu chini ya senti 16 kwa tani. Angenunua makasha na kuacha bandari zifanye kazi kama kawaida, angebaki na makasha.

Sasa fomu. Mkuu wako anaionea haya kwa kuwa ni karatasi. Shirika la Afya Duniani lilizindua karatasi mwaka 2008: orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji. Majaribio katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, yaliyochapishwa 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini usikimbilie kushangilia. Katika jimbo la Ontario, Kanada, hospitali zilipotakiwa kuitumia, utafiti wa 2014 haukuona punguzo la maana la vifo. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba karatasi inaweza kutiwa tiki zote bila watu wa chumba cha upasuaji kuzungumza.

Ndiyo maana nakuuliza jambo ambalo bodi pengine haitauliza: zile kurasa 4 mlizokata zilikuwa zinafanya kazi gani? Kama zilikuwa zinauliza mambo yasiyosomwa na mtu, hongereni. Kama taarifa zile bado zinahitajika na sasa karani anampigia mwombaji simu kuziuliza, mzigo umehama tu. Muulize karani, si mkuu wa idara. Kisha chukua maombi ya miezi kadhaa kabla na baada: mangapi yalirudishwa kwa makosa, siku ngapi zilipita hadi mwombaji kujibiwa. Andika tarakimu hizo, hata kama ni za wastani tu. "Imeongeza ufanisi" ifute kabisa.

Sanduku la maoni liache nje ya orodha. Gundi hafifu iliyokuja kuzaa vikaratasi vya Post-it, vile vya kubandika na kubandua, ilipatikana ndani ya kampuni ya 3M mwaka 1968, na vikaratasi vikaingia soko zima la Marekani 1980. Wazo lilikuwepo miaka yote hiyo. Katika taasisi nyingi kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema "lijaribuni hili kwa mwezi mmoja", pamoja na siku ya kuamua liendelee au lifutwe. Hata kujua ni nani kwenu mwenye mamlaka hayo kunatosha kwa mwaka huu.

Kwa mkuu wako, fomu iite "ubunifu wa mchakato". Jina hilo ni sahihi na halitamwaibisha mbele ya bodi. Mfumo upe nafasi kwenye ukurasa wa uwekezaji. Mwakani madaftari yakiwa yameondoka mezani, uhamishie huku.