Umerithi nyumba Mji Mkongwe? Usiiuze kabla hujasoma haya

Wiki hii kijana mmoja ameniandikia. Yeye na dada zake wamerithi nyumba ya ghorofa mbili Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na mtu wa hoteli keshataja bei. "Dada, kweli mtu anaweza kulea watoto mle ndani?"

Anaweza, mdogo wangu. Mimi ninawalea. Wanasoma vitabu vya skuli kwenye baraza ile ile aliyokuwa akikaa babu yao, na mchana wa Februari hatuwashi feni chini, kwa unene wa zile kuta.

Baba alipofariki, mvua ilikuwa ikiingia darini na kutokea ukumbini. Ndugu wakataka kuuza. Siku ya hitma, shangazi yangu alisema mbele ya watu kwamba nataka kujizika hai kwenye kifusi. Neno lile bado linaniuma. Leo wageni wake wakija kutoka Muscat, kwangu ndiko anakowaleta kwanza, awaonyeshe boriti.

Basi sikiliza. Malizeni mirathi kwanza, kwa maandishi, kila mrithi atie saini. Halafu anza juu. Wengi huanza na mlango wa nakshi kwa sababu ndio unaopendeza kwenye picha, na huku dari inavuja. Sisi tuliezeka mabati kabla ya kugusa kingine chochote.

Kisha boriti. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti ya mkoko, karibu mita 3 tu. Ukiitazama katikati utaiona nzima. Ubovu uko nchani, pale inapoingia ukutani, maana maji yakipita kwenye jiwe hukaa hapo hapo. Fundi wetu seremala alichomeka bisibisi kwenye ncha ya boriti moja ikazama mpaka mpini. Kwa nje ilikuwa nyeusi, ngumu, nzuri kabisa.

La tatu, ambalo nitalisema mpaka nichoke: chokaa. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Unyevu hupanda kutoka ardhini na lazima upate pa kutokea; chokaa huupitisha, saruji huuzuia. Fundi wetu wa kwanza alipiga lipu ya saruji ukuta mzima wa choo nikiwa kazini. Masika ilipokwisha ile lipu ilikuwa imevimba, ukiigonga inalia wazi, na nyuma yake chumvi nyeupe imejaa kama unga. Niliamuru ibanduliwe yote. Alikasirika, akasema mwanamke hajui ujenzi.

Tukampata mzee anayejua chokaa. Aliiloweka shimoni, akaiacha miezi, kila mara akija kuifinya kiganjani; mpaka ikawa laini kama siagi ndipo akakubali kuipaka, tabaka jembamba, akilirashia maji lisikauke haraka. Ukuta ule haujapasuka hadi leo. Saruji, hapana. Hata kama ni rahisi, hapana.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe ombeni mapema, kabla hamjagusa dirisha wala kuongeza ukuta. Watu hulalamika. Mimi silalamiki, kwani mji huu umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na tukiachiwa kila mtu afanye atakalo hautabaki. Sehemu ya Beit el Ajaib ilianguka Disemba 2020, watu wawili wakafariki. Jengo la Sultani, tena limo matengenezoni! Ya kwenu itasubiri nini?

Fedha? Chumba kimoja kimoja. Sisi tulihamia vyumba viwili tu vikiwa tayari. Mkiuza, watoto wenu wataingia mle kwa kulipia chai, na sitaki hilo litupate. Hoteli zinatosha, mji unataka watu wanaolala humo mwaka mzima, wanaojuana na jirani, wanaosikia adhana ya msikiti wao.

Kwa hiyo kabla ya masika nenda na bisibisi, pima ncha za boriti za ghorofa ya juu, moja baada ya moja. Ukishajua zimeoza ngapi niandikie, nikuunganishe na mzee wangu wa chokaa.